Fundi wa Makofi

Hemedi aliondoka nyumbani siku ya Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, siku mbili baada ya kile kimya. Walikuja watu wawili wapole sana. Mmoja alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Walisema wanamhitaji mume wangu kwa dakika tano tu, akawaeleze mambo ya waya. Hemedi alikuwa amejifunga kikoi. Akaomba avae suruali, wakamwambia kwa dakika tano kikoi kinatosha. Akanigeukia, akasema, "Mwanaidi, loweka kunde," akatoka nao.

Niliziloweka.

Inanibidi nieleze kazi aliyokuwa akiifanya, maana siku hizi wanaoijua ni wachache. Hemedi alikuwa fundi wa makofi. Zamani Mlezi Mkuu alipohutubia, wananchi walipiga makofi wenyewe, lakini Wizara ya Hamasa ikagundua kwamba makofi ya wananchi hayana nidhamu. Wengine walianza mapema, wengine walichelewa, na walikuwepo waliopiga huku wakitazama saa. Basi yakatafutwa makofi bora, yakarekodiwa kwenye mechi ya mpira ya nchi nyingine, yakatiwa kwenye mashine yenye vitufe vitatu: makofi ya kawaida, makofi yenye vigelegele, na makofi yasiyotaka kuisha. Ukisikiliza kwa makini ulisikia na filimbi ya refa. Hemedi alikaa nyuma ya jukwaa na nakala ya hotuba, akibonyeza. Sisi wa uwanjani tulitakiwa kuchezesha mikono tu, isigusane.

Jumapili ile Mlezi alikuwa akizungumzia sukari. Alisema sukari haijaadimika, imepumzika. Akatua, akasubiri. Jenereta likazima.

Kwa sekunde kumi na moja watu elfu arobaini tulichezesha mikono bila mlio. Mtu mmoja alipiga chafya upande wa mashariki, ikasikika mpaka jukwaa kuu. Kisha jenereta likawaka, na mashine ikajiendesha yenyewe kwa kitufe cha tatu. Makofi yalivuma dakika ishirini na sita, yakaufunika wimbo wa taifa, na Mlezi alisimama muda wote huo akipunga mkono, maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kuacha.

*

Nilikwenda kumuulizia kituoni. Mtu wa mapokezi alinijibu kwa adabu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo, mama, na hata akiwepo hayupo."

Mwaka wa pili, mtu aliyetoka huko alibisha mlangoni kwetu mchana. Alitwambia Hemedi alikufa siku ya tisa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Alikataa hata kukaa. Bi Nunu, mama yake Hemedi, niliyekuwa nikiishi naye, alimuuliza swali moja: "Kaburini aliwekwa upande gani?" Yule mtu akasema hajui. Akaondoka.

Mtu akishajua hayo hutandika jamvi mlangoni, majirani wakaja, pakasomwa hitima, watu wakalia wakamaliza. Lakini ilikuwepo Sheria ya Misiba. Mlezi alikuwa ameona kwamba watu wakikaa pamoja kwenye jamvi siku tatu huishia kuzungumza. Kwa hiyo hakuna jamvi bila kibali, hakuna kibali bila cheti cha kifo, na hakuna cheti bila maiti. Sisi hatukuwa na maiti. Tulikuwa na habari tu.

Mlezi naye alifariki miaka minne baadaye. Yeye alikuwa na maiti. Nchi nzima iliomboleza siku arobaini kwa zamu, na mtaa wetu ulipangiwa kulia kuanzia saa nane hadi saa tisa mchana. Bi Nunu alilia vizuri kuliko wote, mpaka mjumbe wa mtaa akamwandikia barua ya pongezi. Hakujua analiliwa nani.

*

Baada ya mazishi ukazuka ubishi. Wako waliosema Mlezi alikuwa baba wa nchi, na wako waliomwita jina ambalo sitaliandika. Ndugu walikataa kula sinia moja. Serikali mpya, ambayo ilikuwa ya mpwa wake, ikaona ubishi huu hauwezi kumalizwa kwa hoja kwa sababu hoja zina pande mbili. Wimbo una upande mmoja. Basi ikaamriwa itungwe tamthilia ya nyimbo kuhusu maisha yake yote, ikaitwa *Bega la Taifa*, maana yeye alipenda kusema nchi ilaze kichwa begani kwake.

Kazi ngumu ikawa kumpata wa kumwigiza. Mwigizaji mrefu alikataliwa kwa kuwa angefanya watu waone Mlezi alikuwa na kiburi. Mfupi alikataliwa kwa kuwa Mlezi alikuwa mfupi kweli. Baada ya miezi minane walichaguliwa watu watatu wamwigize kwa pamoja: mmoja wa kimo, mmoja wa sauti, na mmoja wa huruma. Yule wa huruma alikuwa mnene, na aliweza kutoa machozi macho yote mawili kwa kuonyeshwa kitambaa cheupe.

Siku ya uzinduzi Waziri wa Hamasa alisema, "Ndugu wananchi, historia ya vitabu imetugawa. Vitabu vina kurasa, na kila mtu hufungua ukurasa wake. Lakini jukwaa ni moja, na viti vyote vinalitazama!" Kisha akasoma tangazo la gazeti la serikali: kuanzia siku ile, jambo lililoimbwa ndani ya *Bega la Taifa* limetokea.

Mimi nilisikia vibaya kidogo. Lakini pia nilifurahi. Nilijisemea, sasa kuna kitabu kimoja, na mtu akitaka kujua habari ya mtu wake ataangalia humo. Nikavaa buibui langu safi, nikaenda kwa Msajili wa Vifo.

*

Msajili aliitwa Ndugu Lutengano. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini.

"Marehemu ni nani, mama?"

"Hemedi Sudi. Fundi wa makofi."

Hakufungua jalada lolote. Alivuta kitabu chenye gamba la bluu, akalamba kidole, akapekua.

"Huyu hajafa. Huyu yuko ng'ambo. Ukurasa wa themanini na nane."

"Nani kasema?"

"Haikusemwa, mama. Imeimbwa." Akanigeuzia kitabu. "Soma mwenyewe. 'Fundi anapokea sanduku, anapunga mkono, anatoka kulia.' Kutoka kulia ndiyo ng'ambo. Waliokufa hutoka kushoto."

"Waliotoka kushoto ni wangapi?"

Akapekua mwanzo mpaka mwisho. "Mpaka sasa hakuna."

Nikamwambia nina mtu aliyemfumba macho. Akaniuliza mtu huyo yuko ukurasa gani.

"Lakini miaka saba hajaniandikia hata mstari mmoja," nikasema.

"Atakuwa na shughuli. Watu wa ng'ambo ndivyo walivyo. Mdogo wangu naye haandiki."

"Mdogo wako naye alitoka kulia?"

Ndugu Lutengano aliutazama mlango, kisha akaitazama mikono yake juu ya kitabu. "Kama una malalamiko, mama, kwanza ukalitazame onyesho. Huwezi kulalamikia usichokiona." Akanipa karatasi mbili za kuingilia za Jumamosi, saa tisa alasiri.

*

Nilidhani Bi Nunu atakataa. Alikuwa tayari amevaa viatu.

"Mama, ule ni mchezo tu," nikamwambia.

"Najua ni mchezo. Nataka nione wamemvalisha nini."

Tulikaa safu ya kumi na mbili. Ukumbi ulijaa watu mia tisa. Sehemu ya kwanza Mlezi anazaliwa akiwa tayari na mapendekezo. Sehemu ya pili anajenga barabara kwa kuitazama. Kisha likaja onyesho la sukari. Yule wa kimo akapanda jukwaani, wa sauti akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba sukari imepumzika, na taa zote zikamwangukia kijana aliyevaa suti ya kijivu, ameketi kwenye mashine yenye vitufe. Huyo ndiye alikuwa Hemedi wangu.

Aliimba kwa sauti nzuri. Aliimba kwamba aliposikia maneno yale kuhusu sukari moyo wake ulijaa, kidole kikazidiwa na mapenzi, kikashindwa kubonyeza. Jenereta halikutajwa. Akapiga magoti aadhibiwe. Mlezi akamwinua na kumkumbatia, na jambo hilo lilichukua muda, kwa sababu ilibidi wamkumbatie wote watatu mmoja mmoja kwa kufuata cheo: kwanza kimo, halafu sauti, halafu huruma. Kitambaa cheupe kikapeperushwa pembeni. Machozi yakatoka. Akapewa sanduku la ngozi aende nchi za baridi akasomee makofi, na waimbaji sitini wakainuka chini ya jukwaa: *Nenda, Fundi, nenda ukasome, bega litakungoja.*

Watu walilia. Mwanamke aliyeketi kando yangu alipenga kamasi, akaninong'oneza, "Nchi hii ilikuwa na upendo, dada. Tumeuchezea tu."

Hapo ndipo Bi Nunu alipoinuka.

"We kijana!" akapaza sauti. "Mwanangu alitoka na kikoi!"

Yule mwigizaji alikuwa hatua mbili kabla ya kutoka. Akasimama. Akageuka na sanduku lake mkononi, akawa anatutazama gizani kama mtu aliyesahau njia. Wapiga muziki wakarudia kiitikio. Wakarudia tena. Mara ya tatu yule wa huruma akamsukuma kwa tumbo, akatoka kulia.

Bwana mmoja mwenye tochi akatujia, akamwambia Bi Nunu kwamba masahihisho huletwa kwa maandishi wakati wa mapumziko.

*

Jumatano iliyofuata tulisikia hodi. Alikuwa yeye, yule mwigizaji, bila suti. Aliitwa Fikirini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesharudi? Nilijua ng'ambo ni mbali."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Nimekuja kuuliza tu, bibi. Ni kweli alitoka na kikoi?"

"Cha bluu. Kimetoboka hapa, ubavuni."

"Mimi nimepewa suti."

"Nimeiona. Inakubana kwapani. Kaa chini, mbona umesimama kama mdai?"

Akakaa. Akauliza Hemedi alicheka vipi, nikamwambia hakucheka sana, alitabasamu upande mmoja. Akaniuliza nini kilimpata. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Mimi nilidhani wamebuni mtu. Nimekuwa nikimwimba mwaka mzima, tangu mazoezini, nikidhani wamebuni."

"Basi usiondoke," akasema Bi Nunu. "Jumamosi wakikupa sanduku, liweke chini. Jifie hapohapo."

"Bibi, mimi nikitaka kukohoa jukwaani naandika barua." Akafikiri. "Lakini ipo Kamati ya Masahihisho. Familia inaweza kuomba. Hakuna aliyewahi kuomba, ila ipo."

*

Kamati ilikuwa na watu saba, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mnyamavu mwenye miwani, Daktari wa Heshima Eutropia Mgaya. Nitasema ukweli, hawakunifokea. Walituletea viti vyenye mito.

"Familia inaomba nini?" akauliza.

"Afe," nikasema.

Wakaandika.

"Ombi linaingia akilini," akasema Daktari Eutropia. "Hata kisanaa, kuondoka na sanduku kuna udhaifu. Swali ni, afe kwa nini?"

Nikasema kwa yale aliyofanyiwa katika jengo walilompeleka. Kalamu zote saba zikasimama. Mjumbe mmoja akanieleza kwa upole kwamba jengo hilo halimo katika mapambo ya jukwaa.

"Afe kwa maradhi," akasema mwingine.

"Maradhi yalitokomezwa ukurasa wa arobaini na moja."

"Gari limgonge."

"Kwenye barabara ipi? Barabara ni za Mlezi."

"Njaa je?"

Wote wakamtazama aliyesema njaa, naye akaomba neno lake lifutwe. Walijadiliana saa mbili. Waliondoa mafuriko, nyoka, umeme na uzee. Mwishowe Daktari Eutropia akavua miwani, akasema, "Wajumbe, imebaki furaha. Furaha ndicho kitu pekee ambacho Mlezi hakuahidi kukitokomeza."

Wakapiga makofi. Makofi ya mikono.

Ikaandikwa hivi: Fundi anakumbatiwa, furaha inamzidi, anakata roho begani kwa Mlezi, anabebwa kushoto. Familia inathibitisha kuwa ndivyo ilivyokuwa. Wakanisogezea karatasi niweke saini. Niliisoma mara tatu. Nikaiweka kalamu chini.

"Mwanaidi, saini," akasema Bi Nunu.

"Mama, wameandika alikufa kwa furaha. Mikononi mwake yule."

"Nimesikia. Masikio ndiyo yamebaki."

"Mimi siwezi kuthibitisha hayo."

"Mungu hasomi karatasi zao. Mimi nina miaka themanini na mbili. Nikifa sijamsomea mwanangu, nikikutana naye nimwambie nini? Kwamba mkeo alikuwa anabishana na kamati?"

Wajumbe walijifanya wanatazama dirishani. Nikasaini. Mpaka leo mkono ule ukinyanyua kikombe nauona.

*

Kifo cha Hemedi kilipendwa kuliko onyesho lolote. Watu walikuja kutoka mikoani kukiona. Fikirini alikufa vizuri, polepole, akitabasamu upande mmoja kama nilivyomweleza, halafu akatoka kushoto kwenye machela, wa kwanza katika historia. Jumatatu yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la Msajili.

Ndugu Lutengano alinipa cheti kwa mikono miwili. Kilikuwa na muhuri mkubwa. Jina, kazi, sababu ya kifo: furaha. Saa ya kifo: kumi na dakika ishirini alasiri, kila Jumamosi. Chini yake iliandikwa kwamba cheti kinatumika kuanzia saa hiyo hadi saa kumi na mbili kamili.

"Kwa nini kina mwisho?" nikauliza.

"Kwa sababu saa kumi na mbili anainuka, mama. Onyesho likiisha anarudi jukwaani, anashikana mikono na wenzake, anainama mara tatu. Watu mia tisa wanamwona mzima. Mimi nitaandikaje marehemu?"

"Basi asiiname."

"Kutoinama ni kosa."

Nilipiga meza. Sijawahi kupiga meza ya mtu maishani mwangu. Nikamwambia nimekuja hapa mara kumi na nne, nimetia saini uongo, nimeuza jina la mume wangu kwenye karatasi yenu, na mnanipa maiti wa saa moja na dakika arobaini! Ndugu Lutengano hakuita askari. Alinyanyua kalamu zilizodondoka, akazipanga upya, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, wewe una saa moja na dakika arobaini. Mimi sina."

Nikachukua cheti.

Nilimweleza Fikirini. Jumamosi iliyofuata, pazia lilipofunguliwa kwa mara ya mwisho na wote wakaja mbele kushikana mikono, yeye alibaki amelala kwenye machela. Watu walipiga makofi, hakuinuka. Walisimama, hakuinuka. Wakaja wale wawili, kimo na huruma, wakamshika makwapa, wakamwinamisha mara tatu huku miguu yake ikiburuzika. Bi Nunu alinibana kiganja akasema, "Unamwona? Huyo amelelewa."

Wiki iliyofuata Fundi alikuwa mtu mwingine, mfupi kidogo. Nilikwenda kumuuliza Ndugu Lutengano, Fikirini yuko wapi. Alikifungua kile kitabu cha bluu, akapitisha kidole juu ya majina yote, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akasema hayumo.

*

Kibali cha jamvi tumepata. Kinaruhusu watu wanne, idadi ileile ya walio jukwaani wakati wa kifo, na msomaji mmoja, kwa sauti isiyovuka barabara. Bi Nunu macho hayamsaidii tena, kwa hiyo msomaji ni mimi. Majirani hupokezana kujaza nafasi tatu zilizobaki. Tunatandika saa kumi na dakika ishirini, na mjumbe wa mtaa husimama ng'ambo ya barabara na saa yake. Ikifika saa kumi na mbili ananyanyua mkono. Mimi hufunga msahafu hapo nilipofika, hata kama ni katikati ya aya, na tunakunja jamvi, kwa kuwa Hemedi ameinuka.

Kwa muda huo napata kusoma juzuu moja na dua fupi. Juzuu ziko thelathini. Jumamosi iliyopita nilimaliza ya kumi na saba.